Penseli Kwanza, Kipanya Baadaye

Wenzangu wa idara ya sanaa, siku mliyoniaga mlinitaka niseme neno, nami nikasema asante nikaketi. Msidhani maneno hayakuwapo. Pilau ilikuwa inapoa, na mkuu wa chuo alikuwa ameshasema kwa niaba yetu sote. Sasa niko nyumbani kwangu Misugusugu. Asubuhi naamka kwa sababu nimechoka kulala, wala si kwa sababu ya kengele. Hakuna anayebisha hodi kuniambia printa imemeza karatasi. Nafasi ninayo, nitaandika.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vipo kwenye faili langu la utumishi, na sijawahi kusikia mtu aliyejifunza kuchora kwa kusoma faili la mwenzake. Nitasema kazi ilivyokuwa, hasa lile somo la picha za kompyuta mnalolifundisha sasa kana kwamba lilikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia.

Nilifika chuoni Kibaha nikiwa msichana wa Maneromango, binti wa mwalimu wa kwaya ya usharika, nina cheti cha ualimu wa sanaa na viatu vinavyonibana. Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Kibwana, mtu mrefu, si msemaji sana. Ijumaa alivaa kanzu safi, na siku nyingine shati lenye madoa ya rangi ambalo mkewe alikuwa ameshalikatia tamaa. Nikamwamkia, akaitikia, akakitazama cheti changu mbele na nyuma.

"Kizuri," akasema. "Kitunze. Sasa nichoree ile ndoo."

Ilikuwa ndoo ya bati ya kuoshea brashi. Niliichora asubuhi nzima. Aliporudi akaitazama karatasi, akaitazama ndoo, kisha akaweka kidole juu ya mchoro wangu.

"Mshikio wa ndoo hii umepinda. Wako umenyooka. Nani amekutuma uunyooshe?"

"Nilidhani, Mwalimu..."

"Ndiyo hapo hapo. Ulidhani. Rudia."

Nikarudia. Jioni nilikuwa namchukia, na ndani ya mwezi nilikuwa nafundisha kama yeye.

Vifaa vilikuwa haba. Chapa tulizichonga kwenye soli za kandambili zilizokatika, kwa wembe uliofungwa kwenye kijiti. Kila rangi ilikuwa na soli yake. Unapiga njano, unasubiri ikauke, unapiga nyekundu juu yake, mwisho nyeusi. Ukikosea kuzipanga, mtu wako anapata macho manne. Picha za kamera tulizisafisha kwenye stoo tuliyoiziba mwanga kwa mablanketi, na humo ndani joto lilikuwa la kutosha kuivisha mihogo. Mwanafunzi akitoka na picha nzuri tulimpongeza. Akitoka akiwa mzima tu, tulishukuru vilevile.

Kompyuta zilikuja wakati nilikuwa nimeshazoea kuitwa Madam na kuogopwa kidogo. Zililetwa na lori, zimefungwa kwenye maboksi, pamoja na mashine ya skana iliyokuwa nzito kama jiwe la kusagia. Mkuu wa chuo akatangaza kwamba kuanzia muhula ule, kila mwanafunzi wa sanaa atasoma picha za kidijitali. Mwalimu Kibwana aliyazunguka maboksi yale polepole, kama mtu aliyeletewa ng'ombe asiyemwagiza.

"Roda," akaniambia, "wewe una macho bado. Nenda Dar ukajifunze, halafu uje unifundishe na mimi."

Kozi ile nilikwenda nikiwa na hofu ambayo sikumwonyesha mtu. Darasa lilijaa vijana. Mwalimu wetu mwenyewe nadhani alikuwa amemaliza shule juzi, na aliniita mama kwa heshima iliyozidi kuniumiza. Nilikishika kipanya kama kipande cha sabuni kinachotaka kuniponyoka.

"Mama, usikibane," akasema. "Hakikimbii."

Mstari wangu wa kwanza kwenye kioo cha kompyuta ulitetemeka vibaya. Mimi, niliyeweza kuchora duara la sufuria kwa mkono mmoja, nikawa nachora kama mtoto wa chekechea. Siku za mwanzo nilikula chakula cha mchana peke yangu ili nisiulizwe naendeleaje.

Kisha yule kijana akafundisha tabaka. Akasema picha ya kompyuta hujengwa kwa tabaka, moja juu ya jingine, na unaweza kuligusa moja bila kuharibu mengine. Rangi hii hapa, kivuli pale, mistari juu yake. Nikaacha kuandika. Zile zilikuwa kandambili zetu! Njano, nyekundu, nyeusi. Mashine nzima iliyokuwa inanitisha ilikuwa inasema lugha niliyoisema miaka yote. Sikumbuki kama niliwahi kupumua vizuri kama siku ile. Nilitaka kumkumbatia yule kijana, ila niliona angeshtuka.

Niliporudi, mimi na Mwalimu Kibwana tulikubaliana jambo moja, na nawaomba msilifute: hakuna mwanafunzi kugusa kipanya kabla ya muhula mzima wa penseli. Walilalamika sana. "Madam, sisi tumekuja kusoma grafiki, siyo kuchora ndoo." Nikawaambia kompyuta haitakuonyesha usichokiona, itakusaidia tu kukikosea kwa haraka zaidi.

Chumba chenyewe mnakijua. Vumbi la barabarani, umeme unaokatika mtu akiwa hajahifadhi kazi yake, mjusi aliyefanya makao ndani ya printa akatoka siku moja mbele ya wakaguzi akiwa na mkia wa rangi ya buluu. Kioo cha skana tulikifuta kwa kipande cha kanga kuukuu, maana kitambaa kipya kinakwaruza. Na majina ya mafaili! Mwanafunzi anahifadhi kazi kwa jina "mwisho", kesho yake "mwisho kabisa", halafu "mwisho wallahi". Nimesahihisha kazi nyingi za mwisho wallahi, na nyingi hazikuwa za mwisho.

Sasa niwaeleze habari ya Hadija, kwa sababu katika kazi zote zilizowahi kuninyima usingizi, yake ndiyo nashukuru zaidi ilivyoisha.

Hadija alikuwa mtoto wa Kisarawe mjini, msichana mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa kukata shauri. Mwaka wa pili tulikuwa na zoezi la picha ya zamani. Kila mwanafunzi alitafuta picha iliyoharibika, ya nyumbani au ya jirani, akaipiga skani, akaitengeneza kwenye kompyuta, akaichapa upya na kuwarudishia wenyewe. Hadija aliazima picha kwa jirani yao, mjane aliyeitwa Bibi Mwanaidi. Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe ya marehemu mumewe, Athumani, amesimama studio enzi za ujana wake, mkono mmoja juu ya kiti. Bibi hakuwa na nyingine. Paa lilivuja wakati wa masika, maji yakaingia kwenye fremu, na picha ikanata kwenye kioo chake.

Kanuni tulikuwa nayo, na nilikuwa nimeiandika ubaoni: picha iliyonata kwenye kioo haibanduliwi, inapigwa skani humohumo. Hadija aliipiga, kioo kikang'aa, picha ikatoka na weupe katikati. Hakuipenda. Akabandua.

Karatasi ilitoka. Uso haukutoka wote. Kutoka chini ya pua hadi kidevuni palibaki peupe, na ngozi ya picha ikabaki kwenye kioo. Alipojaribu kuibandua ile ngozi kwa maji, ikayeyuka ikaenda na maji.

Hakuniambia. Alikwenda kutafuta picha ya Mzee Shomari, mdogo wa marehemu, aliyopigwa harusini, akachukua mdomo na kidevu chake, akavipandikiza kwa Athumani. Kazi ilikuwa safi ajabu. Niliiona kwenye kompyuta yake nikatafuta mahali palipoungwa, nisipaone. Nikampa hongera mbele ya darasa.

Ijumaa alikwenda kwao na picha mpya. Jumatatu alikuja ofisini kwangu akasimama mlangoni.

"Madam, nataka kuacha chuo."

"Ingia kwanza. Umegombana na nani?"

Akaketi, akanieleza yote, kuanzia kioo mpaka mdomo wa Shomari. Alikuwa ameipeleka picha kwa Bibi akiwa na furaha, mama yake na majirani wakiwa wamekusanyika. Bibi Mwanaidi aliishika, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Ahsante, mjukuu wangu. Sasa na ya mume wangu iko wapi?"

Hadija alilia alipofika hapo, na mimi nilitazama dirishani. Alikuwa anaogopa kwamba amemuua yule mzee mara ya pili. Hayo ni maneno yake. Picha ile ilikuwa ndiyo kazi yake ya mtihani, lakini sidhani kama siku ile aliukumbuka mtihani.

Nikampeleka kwa Mwalimu Kibwana, aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alisikiliza bila kumkatiza. Nilitarajia amkemee. Akaitazama ile picha iliyotoboka, akauliza, "Huyu bibi yu hai?"

"Yu hai, Mwalimu."

"Na mdogo wa marehemu?"

"Naye yupo."

"Basi chukueni karatasi na penseli mwende. Aliyekufa ni mmoja tu. Waliomwona bado wapo, lakini ni wazee, kwa hiyo msikawie."

Tukaenda Jumamosi. Mnajua safari ile: kutoka Kibaha uteremke hadi Dar, halafu uanze tena kupanda vilima vya Pugu. Njia nzima Hadija alikuwa ameipakata bahasha yenye picha. Kisarawe kulikuwa na upepo mzuri, watu wamerudi sokoni, na Bibi Mwanaidi alikuwa barazani akichambua mbaazi kwenye ungo.

"Shikamoo, Bibi," tukasema sote wawili, maana hata kwangu alikuwa mtu mzima sana.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mwalimu, kaa kwenye kiti. Hadija, mbona umesimama kama mgeni?"

Hadija hakuketi. Alipiga magoti kwenye mkeka, akaitoa picha kwenye bahasha, akaiweka mbele ya Bibi.

"Bibi, niliiharibu. Mwalimu alitukataza kubandua, nikabandua. Ule mdomo niliokuletea ni wa Babu Shomari. Naomba unisamehe."

Bibi Mwanaidi aliuweka ungo pembeni. Akaichukua picha, akapitisha kidole kwenye pale peupe. Mimi nilikuwa nimekamata mkoba wangu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali na nimejiandaa kwa kilio.

"Mvua ilianza," akasema mwishowe, "wewe ukamalizia."

Hadija akainamisha kichwa.

"Haya, inuka, magoti yatakuuma. Hizo karatasi za nini?"

Nikamweleza. Tulitaka atuambie mdomo wa mumewe ulikuwaje, Hadija achore, yeye asahihishe, mpaka afike. Alicheka kidogo, akasema hajawahi kusikia mdomo wa marehemu ukielezwa barazani, lakini tujaribu. Akamtuma mtu amwite shemeji yake.

Mzee Shomari alikuja na bakora na kofia yake, akaambiwa habari yote, akajishika mdomo kana kwamba anahakikisha bado upo. Kazi ikaanza, na ugomvi nao ukaanza.

"Kaka alikuwa na midomo minene," akasema Mzee Shomari.

"Wa chini tu," akasema Bibi.

"Shemeji, mimi nimezaliwa naye."

"Na mimi nimezeeka naye."

Hadija alichora, akafuta, akachora. Mdomo mmoja Bibi aliukataa kwa kuwa ulikuwa wa mtu mkali, mwingine kwa kuwa ulikuwa wa mtu mgonjwa. Tukaletewa chai na mihogo ya kuchemsha. Mzee Shomari akashikilia kwamba kaka yake alikuwa mtu mzito, asiyecheka ovyo, achorwe mdomo umefungwa basi. Hadija akachora hivyo. Bibi akautazama, akatikisa kichwa.

"Wewe ulikuwa mdogo wake, ulimwogopa. Siku ile alikuwa anataka kucheka."

"Siku ipi?"

"Siku ya picha. Nilikuwapo."

Mzee Shomari akaiweka bakora chini.

Bibi akasimulia huku akitazama mbaazi zake. Alikuwa amekwenda mjini na shangazi yake, nao wapigwe picha, wakawa wamekaa kwenye benchi nyuma ya mpiga picha wakisubiri zamu. Mpiga picha aliinama akaingiza kichwa kwenye kile kitambaa cheusi cha kamera. Alipoinama, suruali yake ikaonekana nyuma imechanika. Yule kijana aliyesimama mbele, kando ya kiti, hakuweza kuiona, lakini aliwaona wao. Aliuona uso wa msichana aliyekuwa anaung'ata upindo wa kanga asicheke.

"Akanitazama, na yeye kikamjia kicheko bila kujua tunacheka nini. Mpiga picha anamwambia, tulia, tulia. Akaukaza mdomo. Pembe hii ikatii." Bibi akagusa upande wa kushoto wa mdomo wake mwenyewe. "Hii nyingine ikamponyoka. Hata jina lake nilikuwa sijalijua."

"Shemeji, hukuwahi kunieleza hili," akasema Mzee Shomari.

"Hukuwahi kuniuliza."

Hadija alivuta karatasi mpya. Safari hii alichora akiwa anautazama uso wa Bibi, jinsi alivyokuwa akiigiza, na mkono wake ulikwenda polepole kuliko nilivyowahi kuuona. Alipomaliza aligeuza karatasi.

Bibi Mwanaidi aliitazama. Kisha akavuta kanga yake akauziba mdomo, kama msichana, na mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka mpaka aliposema, "Huyo. Huyo hapo. Jamani, Athumani."

Mzee Shomari alisimama akasema anakwenda kutazama mbuzi. Alirudi macho mekundu, akalaumu moshi, ingawa jiko lilikuwa limeshazimwa. Nami niligundua kwamba vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa kuukamata ule mkoba. Nikaufungua, nikatoa leso, nikajifanya napangusa jasho.

Tulirudi Kibaha kabla ya magharibi. Wiki iliyofuata Hadija aliupiga skani mchoro wa penseli, akauweka kwenye tabaka lake juu ya picha, akaupa chembechembe zilezile za picha ya kale mpaka ukakaa. Kazi ilikuwa nzuri. Lakini safari hii hakuficha mahali palipoungwa. Kwenye maonyesho ya mtihani alitundika picha iliyotoboka upande mmoja, mchoro wa penseli katikati, na picha mpya upande wa pili, na chini yake akaandika kwamba mdomo umechorwa kwa maelezo ya mkewe.

Mtahini kutoka nje alisimama pale kwa muda. Alikuwa mtu wa kuuliza.

"Sasa hii ni picha ya kweli au umebuni?"

Mimi nilikuwa nyuma yake, siruhusiwi kusema.

"Macho na paji la uso ni vya kamera," Hadija akasema. "Mdomo ni wa mkewe. Mimi nilishika penseli tu, na nimeandika hapo chini ili mtu asidanganyike."

Mtahini akaandika jambo kwenye karatasi yake, akaenda kwa mwanafunzi mwingine. Tulingoja matokeo kama watu wanaongoja mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Alifaulu, tena vizuri. Bibi Mwanaidi aliipokea picha akaitundika ukutani bila kioo. Alisema vioo hana hamu navyo tena.

Mwalimu Kibwana alistaafu mwaka uleule, akaniachia idara na lile shati. Hadija sasa ana duka lake la picha Mlandizi, kando ya barabara kuu. Anapiga za harusi na za vitambulisho, na watu humletea za zamani kutoka mbali. Akiletewa uso uliotoboka humwambia mteja arudi na shangazi au mjomba, na kazi hiyo huchukua siku nzima kwa sababu ndugu hawakubaliani. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilikuta wazee wawili wanagombania pua.

Mimi niliendelea. Kompyuta zilibadilishwa, zikabadilishwa tena. Miaka yangu ya mwisho zilikuja zile programu zinazotengeneza uso zenyewe. Unaweka picha iliyochakaa, unabonyeza, unaletewa mtu msafi, ana kope moja moja. Nitasema kweli, nilikosa raha. Niliona wanafunzi wanabonyeza na kufurahi, nikajiuliza kama ule muhula wa penseli bado una maana, au nimekuwa mzee anayelinda ndoo. Muda wangu wa kustaafu ulikuwa umekaribia, na nilikuwa natafuta sababu za kuomba nibaki kidogo. Niliona nikiondoka, hakuna atakayewazuia.

Mchana mmoja nilipita chumba cha kompyuta kuchukua miwani yangu. Mwanafunzi mmoja, Upendo, alikuwa amebaki peke yake. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na picha ya bibi yake, imeshatengenezwa na programu, inang'aa. Alikuwa amekuza sikio mpaka limejaa kioo kizima, na pembeni yake amefungua skani ya ile picha chakavu.

"Unafanya nini?" nikamwuliza. "Si imeshakamilika?"

"Hapana, Madam. Imempa bibi hereni." Hakugeuka kunitazama. "Bibi yangu hakutoboa masikio. Mlokole, alikuwa anakataa kabisa. Nazitoa, narudisha sikio lake."

Nilisimama nyuma yake nikamtazama anavyofanya, kidogo kidogo, akirudi kila mara kwenye ile picha chakavu kuangalia. Sikumwelekeza kitu, kwa sababu hakukuwa na cha kuelekeza. Nikachukua miwani yangu, nikamwambia asisahau kufunga madirisha, nikaenda zangu nyumbani kupika.